Kichwa Namba Arobaini

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu neno halilali tumboni. Ukinikanyaga nitakwambia umenikanyaga, na ukija na kichwa kilichosukwa ovyo nitakwambia pia, hata kama hujaniuliza. Miaka tisa nimesuka nywele Durban, na wateja wananijua kwa mikono na kwa mdomo. Mwenye saluni alikuwa akiwaonya wageni: kaeni kiti cha huyu, lakini msimuulize kama mmependeza. Ndiyo maana ninachosimulia hapa kinanichoma. Ni habari ya wiki moja ambayo nilijua kitu nikakinyamazia, tena kwa makusudi.

Saluni yetu ilikuwa mjini, chini ya ghorofa, na dirisha kubwa la kioo lilitazama barabara, karibu na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ambapo taxi zinapiga honi tangu alfajiri. Mwenyewe alikuwa Mkongo wa Uvira, mlokole, mkali wa kazi, mkarimu wa chakula. Tulimwita Mama Patroni. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mteja hachagui mtindo kwa maneno, anachagua kwa namba. Ukutani kulikuwa na bango la vichwa thelathini na sita, kila kichwa na namba yake, na kwa bango hilo Mzulu, Mkongo na Mmalawi walielewana bila mkalimani. Ya pili, hakuna mteja anayeacha nywele zake. Ukikatwa, ukichanwa, ukifumuliwa, kilichotoka kichwani mwako kinakusanywa chote, kinafungwa kwenye mfuko, unaondoka nacho ukakichome mwenyewe kwako. Nywele za mtu ni mtu. Zikiingia mkono mbaya unaweza kuugua umekaa zako nyumbani, hujui kilichokupata. Maneno hayo hayo niliyakulia Tanga, kwa hiyo kwenye sheria hiyo hatukuwahi kubishana.

Picha zilizoleta yote haya zilitoka Queensburgh, pembeni mwa Durban. Mzee mmoja wa kizungu alikuwa anahama, vitu vyake kavipanga nje kwenye nyasi vinauzwa, nasi tulifuata vioo viwili. Mama Patroni alipoziona picha sita za fremu nyeusi alisahau vioo. Zilikuwa za wanawake wa Kiingereza wa zamani. Mmoja sketi yake pana imekwama mlangoni, wanaume wawili wanamsukuma kwa nyuma. Mwingine panya wamezaa ndani ya nywele zake. Wa tatu manyoya ya kichwani yameshika moto kwenye mishumaa ya dari. Wa nne amekaa kwenye kiti, nywele zimepanda kama kichuguu mpaka msusi wake amesimama juu ya ngazi, na kule kileleni kuna bustani nzima, kabichi, karoti, na kijitu kimeshika reki. Wa tano kiuno cha gauni kimepanda mpaka kwapani, upepo unalipeperusha, kila kitu nje. Picha ya sita haikuwa na mwanamke wa kutazamwa. Ilikuwa ni dirisha la duka lililojaa picha za namna hiyo hiyo, na nje yake watu wamejazana, vinywa wazi, mmoja kashika mbavu.

"Muone!" Mama Patroni aliniambia, uso unang'aa. "Bazungu bo benyewe balikuwaka na meshi! Na banasemaka siye Bakongo njo tunapenda kuongeza."

Meshi ndilo jina lao la nywele za kuongezea. Yule mzee alitupatia picha bure, nyongeza ya vioo. Mama alipomweleza kwa Kiingereza kwamba anakwenda kuzitundika saluni ili wateja wachague, mzee alimtazama kidogo, akatabasamu, akasema ni wazo zuri sana. Lile tabasamu sikulipenda. Njiani nikamwambia Mama, huyu mzee ametucheka. Akanijibu kwamba mimi hata nikipewa ua natafuta mdudu.

Zikatundikwa kwenye ukuta unaotazama dirisha, kila moja na karatasi ya namba, kuanzia thelathini na saba. Yule wa kichuguu akaangukiwa na arobaini. Mtu wa pwani ukimtajia arobaini anasikia kisomo cha marehemu. Nilisema hivyo, nikaambiwa nishike gundi vizuri. Ile picha ya watu wanaocheka haikupewa namba, iliwekwa juu kabisa kwa sababu fremu zilikuwa seti.

Baada ya siku mbili tatu watu wakaanza kusimama nje. Akina mama wa Kizulu, wateja wetu, walicheka wakaingia, wakauliza kama huyo wa panya tunamsuka na panya wake. Kicheko hicho kilikuwa na raha. Lakini kulikuwa na wanaume wa pale kona, hawa hawakuingia. Walipomaliza kucheka na picha walibaki wamesimama, macho yamehama, wanatutazama sisi. Siku moja nilinyanyua kichwa kutoka kwenye kazi nikaona nyuso zao zimebanana kwenye kioo, vinywa wazi. Halafu nikaitazama ile picha ya juu, ya sita. Ni kama walikuwa watu wale wale. Nilimwambia Mama tuzitoe. Akasema hiyo ni matangazo ya bure.

Jumatatu akaja bibi harusi. Naye alikuwa wa Uvira, muuza vifuniko vya simu Isipingo, msichana mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa anaolewa Jumamosi, kanisani Pinetown. Alipofungua kitambaa sote tuliacha kazi tukatazama, maana nywele zilikuwa zake mwenyewe na zilimfika mgongoni. Alitueleza. Asubuhi aliyokimbia kwao, mama yake alimkalisha chini akamsuka kwa mara ya mwisho, na mama huyo sasa ni marehemu. Tangu siku hiyo mkasi haujagusa kichwa chake. Anafumua, anaosha, anasuka tena, hakati.

"Hizi njo mama yangu," alisema, akizishika kwa mikono miwili.

Nilimhurumia, nasema kweli. Nikasogeza kiti changu. Hapo akainua kidole kuelekea ukutani.

"Minataka namba arobaini. Lakini anishonee Mama mwenyewe. Huyu dada wa Tanzania anajua tu ile ya kuenda ku kilio."

Saluni nzima iliangua kicheko. Kwetu kuna msuko unaitwa twende kilioni, wa chapuchapu, wa mtu aliyefiwa na hana muda wa kioo. Sijui nani alimfundisha. Miaka tisa mikono yangu imevimba vidole kwa vichwa vya watu, halafu mtoto wa juzi ananifanya msusi wa misiba mbele ya wateja wangu! Nyongo ilinipanda mpaka machoni. Mama Patroni akamwambia kichwa kama hicho hakisukwi na mtu mmoja, mimi na yeye tutakuwa pamoja, na bibi harusi akakubali kwa kuinua mabega.

Jumatano akaja mteja wangu mwingine, binti wa Kitanzania anayesoma chuo, mambo ya michoro na historia yake. Aliniamkia, akakaa, akatazama ukuta, akasimama tena. Alikwenda kuinamia yale maandishi madogo chini ya picha, moja baada ya moja. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, Mama anajua hizi ni picha za nini?"

Akanieleza nikiwa namfumua. Kwamba zina zaidi ya miaka mia mbili, za enzi ya wafalme wanne wa Kiingereza waliofuatana kwa jina moja. Kwamba hazikuwa mitindo, zilikuwa dhihaka. Wachoraji walichora wanawake wakiwatia chumvi, nywele zikawa milima, sketi zikawa mahema, maduka yakazibandika dirishani, na asiye na uwezo wa kununua alisimama nje akacheka bure. Wakivaa sketi pana wanachekwa, wakivaa nyembamba wanachekwa kuwa wako uchi. Tena mingi ya mitindo ile ilitoka Ufaransa, kwa hiyo aliyekuwa anamcheka mwanamke alikuwa anamcheka na mgeni humo humo.

"Na huyu namba arobaini?"

"Huyo ndiye wanayemsema kuliko wote, dada. Wanasema kichwa chote kimekwenda kwenye nywele, ndani hakuna kitu."

Mwenzangu, nisijipake asali. Nilicheka. Nilimwona yule wa Isipingo anaingia kanisani na kichwa cha kuchekwa, na ndani yangu nikasema haya, nenda wewe unayejua kuchagua. Nilimwomba yule binti asimwambie Mama, nitamwambia mwenyewe kwa wakati wangu. Akaniamini, kwani nani Durban hajui kwamba mimi siwezi kukaa na neno?

Alhamisi tukafanya jaribio. Tulichonga sponji la godoro, refu kama mkono wangu kutoka bega mpaka vidole, tukalisimamisha kichwani kwake, tukazungushia meshi kwa pini, tukachomeka maua ya plastiki pale penye kabichi. Kiti kilikuwa kile cha dirishani kwa sababu ya mwanga, na picha namba arobaini ilikuwa nyuma yake, juu kidogo. Nje wakajaa. Simu zikainuliwa. Walikuwa wanacheka mpaka wengine wanaegemea kioo, na bibi harusi akageuka polepole, shingo imenyooka kwa ule uzito, akawapungia mkono.

"Banashangaa!" alituambia. "Angalia vile banapenda!"

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikamtazama anavyopunga, nikakumbuka kilio, nikainama kuokota pini.

Ijumaa mchana simu yangu ikalia. Mzulu mmoja jirani, mama mwenye duka la viazi, alinitumia picha iliyokuwa ikizunguka. Ilikuwa yeye, bibi harusi, na lile sponji kichwani na mkono hewani, na juu yake picha ya ukutani. Chini wameandika kwa Kizulu maneno ambayo sitayarudia, kwamba hawa ndio wanaokula kazi zetu na kujenga ghorofa vichwani, na kwamba Jumamosi watu waje mjini wawasindikize kwao. Yule jirani aliongeza la kwake mwenyewe: eish dada, kesho msifungue. Meseji za maandamano tulikuwa tunaletewa kila mara, nyingi zilipita bila kitu, na Mama Patroni alipoisikia hiyo habari alisema harusi ya Mungu haisimamishwi na simu. Picha hakuiona. Nilimsomea maneno ya maandamano, picha nikaificha. Hasira ilishaniisha, nikabaki na woga. Ningeanzia wapi? Ningesema nilijua tangu Jumatano?

Jumamosi tulianza kabla jua halijatoka. Geti la chuma tulilishusha mpaka chini, tukafanya kazi kwa taa. Tulimsuka kwanza nywele zake mwenyewe, mistari ya kuzunguka, halafu tukashonea sponji na meshi kwenye ile mistari, sindano na uzi, tundu kwa tundu, ili lisicheze akicheza muziki. Saa nne lilikuwa limesimama. Nasema kweli, lilikuwa zuri. Mikono yangu haijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na ndiyo kazi pekee niliyoifanya nikiomba isimalizike.

Tuliwasikia kabla hawajafika. Kwanza honi zilikatika. Taxi zote zikanyamaza, na mtaa wetu haunyamazi hata siku ya Krismasi. Halafu nyimbo, halafu miguu. Mama Patroni alizima taa. Walipofika kwetu walipiga geti kwa viganja, bati zima likatetemeka, vitana vikadondoka kutoka kwenye rafu. Niliinama kwenye kitundu cha kufuli nikatazama. Mtu mmoja alikuwa amenyanyua boksi lililofunguliwa, na juu ya boksi wamebandika ile picha, imekuzwa, uso wa bibi harusi mkubwa kama sinia. Na walikuwa wanacheka. Sikutegemea hilo, nilitegemea matusi. Walicheka kama wanakwenda kwenye ngoma.

"Banasema nini?" bibi harusi aliuliza kwa kunong'ona. Hakuweza kuinama, sponji halikumruhusu. Alikaa wima gizani kama mshumaa.

"Wana picha yako," nikasema. "Wanatafuta mtu mwenye kichwa hiki."

Hakulia. Alinyanyua mikono akagusa pembeni pembeni, kama mtu anayeangalia kama mzigo umekaa sawa.

Baada ya muda kundi kubwa lilisogea mtaa wa pili, lakini wengine walibaki pale kwenye robot, wanachungulia ndani ya magari. Kaka yake alipiga simu. Yuko uchochoroni nyuma ya saluni, gari linawaka, hawezi kukaa hata dakika tano, na kutoka pale lazima wapite kwenye robot. Mama Patroni alianza kutafuta mwisho wa uzi afumue. Nikamwambia Mama, uzi huu tumeushona masaa manne, utafumua mpaka lini? Tukajaribu kumfunga kanga juu, ikawa mlima uliovaa kanga. Alale chini ya kiti cha nyuma? Halilali.

"Kata, dada," bibi harusi akaniambia.

"Nikikata naondoka na zako. Tumeshonea kwenye zako."

"Najua. Kata."

Nilikata. Mkasi ulikuwa mzito, nywele zake zilikuwa nyingi, na zilitoa ile sauti ya majani yanayokatwa na ng'ombe. Mama Patroni alikuwa anaomba kwa Kifaransa, kafumba macho. Lile jumba likatoka zima, na nywele za mgongoni mwake zikining'inia kwa chini, na kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo sana, kama cha mtoto aliyetoka hospitali. Nilimfunga duku, kitambaa cha kichwani wanavyofunga akina mama wa hapa, nikamvalisha ovaroli langu la kazi. Mtu angemwona angesema ni mfagizi anarudi kwake Pinetown.

Niliziingiza nywele kwenye mfuko nikampa, kama sheria ilivyo. Alinyoosha mkono, halafu akaurudisha. Wakiufungua huo mfuko pale kwenye robot, duku lisingemsaidia kitu.

"Nitakuwekea mimi," Mama Patroni alisema.

"Hapana, Mama." Akanigeukia mimi. "Weye. Ukae nazo mpaka nirudi. Siku ile nilikutukana, na haukuninunia, ulinishonea bien, muzuri kabisa. Weye njo unasemaka kweli."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Tulisikia gari linaondoka, tukasubiri kelele kutoka kwenye robot, tukasubiri. Hazikuja. Saa sita kaka yake alituma meseji kwamba wameshika barabara ya Pinetown. Mama Patroni alipiga magoti akashukuru, nami nilikaa kwenye kiti cha dirishani na mfuko mapajani. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu ulifungwa siku tatu, ukaponza kichwa cha mwenzangu.

Usiku ule walirudi wakavunja, na saluni tuliifungua tena baada ya wiki mbili, kioo kipya, kiti kimoja kimepungua. Mfuko niliuweka kabatini kwangu, nyuma ya nguo za Idi. Kila asubuhi nilipofungua kabati nilijua uko pale. Sikuthubutu kuugusa.

Alikuja mwezi uliofuata, na mume wake akamsubiri nje garini. Alituletea keki na picha za harusi. Duku alikuwa kalivua, nywele fupi zimeanza kujikunja, na kwa kweli zilimpendeza. Alicheka, alimkumbatia Mama, akanishika mikono yangu yote miwili akaibusu, nikatamani ardhi ipasuke. Halafu akaomba kitu kimoja. Anataka namba arobaini. Ataitundika sebuleni kwao Isipingo, juu ya televisheni, ili watoto wake wajue mama yao alivyokuwa siku ile, hata kama ni kwa saa moja tu.

"Chukua, mwanangu," Mama Patroni alisema, na kabla sijavuta pumzi alishapanda stuli, anaitoa kwenye msumari.

Niliwaza wageni wake wakikaa chini ya picha ile. Siku moja ataingia mmoja anayejua kuyasoma yale maandishi.

"Mama, shuka," nilisema. "Usimpe hiyo."

Nikasema yote. Yule binti wa chuo, Jumatano, kicheko nilichocheka, neno la kilio, mkono aliowapungia nami nikaokota pini, ile picha niliyoificha Ijumaa. Sikupunguza. Mama Patroni alibaki juu ya stuli na fremu mikononi. Bibi harusi alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameniachia mikono.

Nilingoja anitukane. Ningejua la kumjibu, hata kama ni kulia.

"Nywele zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Ziko kwangu. Sijazigusa."

"Nipe nywele zangu."

Nilikimbia hadi chumbani kwangu, ni mtaa wa tatu, nikarudi nao. Alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alifungua mfuko pale pale, akaingiza mkono, akapekua polepole mpaka chini, akatenga meshi huku na nywele za mama yake kule, akizinyoosha moja moja kwenye mwanga wa dirisha kuona kama kuna iliyopungua. Watu walikuwa wanapita nje. Alipoona zimetimia aliufunga mfuko mafundo mawili, akamuaga Mama Patroni, akaenda kwenye gari.